Gregório Bondar, aliyeupa jina utitiri unaofyonza mihogo yetu

Mtu akitoka mjini Bujumbura kwa barabara ya Gatumba, hufika Kajaga kabla ya kulivuka daraja la mto Rusizi. Ziwa Tanganyika liko upande wa kushoto, na nyumba zimeongezeka mwaka hadi mwaka, hata baada ya maji ya ziwa kupanda na kuzifikia baadhi yake. Muhogo, hata hivyo, haujahama. Kiwanja ambacho mwenyewe bado hajapata fedha za kukijenga hupandwa mihogo, na nyuma ya nyumba zilizokwisha kukamilika hupatikana mashina matano au kumi ya kuchumia sombe.

Inapofika Julai na Agosti, katika kilele cha kiangazi, mihogo hubadilika sura. Majani machanga ya kileleni, yale yale ambayo mpishi huyatafuta kwa sombe laini, hutoka madogo na yaliyopinda, yakiwa na madoa ya manjano kama yaliyodungwadungwa kwa sindano. Baadaye hupukutika, na ncha ya shina hubaki wima na uchi, mfano wa kinara kisicho na mshumaa. Wengi hulilaumu jua. Jua lina sehemu yake katika jambo hili, ila mwenye kuligeuza jani na kulitazama kwa kioo cha kukuzia ataona chini yake viumbe vya kijani visivyofikia nusu milimita, vyenye miguu minane, vimetulia vikifyonza. Huo ndio utitiri wa kijani wa muhogo.

Habari za kilimo zinazotufikia kwa Kifaransa humtaja kiumbe huyu kwa jina ambalo halimfikishi mbali msikilizaji wa Buyenzi. Sisi wafasiri huandika utitiri, neno ambalo kila mfugaji wa kuku analifahamu, kisha tunaongeza rangi na mmea ili asidhani tunazungumzia banda la kuku. Jina la kisayansi halitafsiriwi: Mononychellus tanajoa. Baada yake, ndani ya mabano, huwekwa jina la mtu, Bondar. Ni jina linaloheshimiwa Brazil miongoni mwa wataalamu wa wadudu na wa mimea, lakini huku kwetu hupitwa tu na macho. Utafiti wake haukuihusu Afrika. Hata hivyo, kurasa chache alizozichapisha mwaka 1938 ndizo zilizowawezesha wataalamu wa bara hili, miaka 33 baadaye, kumtambua adui aliyekuwa amewaingilia na kujua ni upande gani wa dunia wa kumtafutia mpinzani.

Kutoka himaya ya Tsar hadi Bahia

Gregório Gregorievich Bondar alizaliwa mwaka 1881 katika himaya ya Urusi, zama za utawala wa Tsar. Jina lake la katikati, kwa desturi ya huko, lamtambulisha kuwa mwana wa Grigori. Bondar, jina la ukoo lililoenea sana Ukraine, maana yake ni fundi wa mapipa. Alipohamia Brazil, Grigori akawa Gregório, kama ndimi za wenyeji zinavyoyageuza majina ya wahamiaji kila mahali, na jina hilo la Kireno ndilo alilolitumia katika vitabu vyake hadi mwisho.

Miaka ya 1910 alikuwa jimbo la São Paulo, akiandika juu ya wadudu waharibifu wa michungwa na mitini. Kisha akaenda kaskazini mashariki, katika jimbo la Bahia, na huko ndiko alikoifanya kazi iliyomjulisha.

Bahia yafaa ielezwe kidogo, kwa kuwa ni nchi ambayo Mrundi wa Imbo asingejiona mgeni sana ndani yake. Ni mojawapo ya sehemu zilizopokea Waafrika wengi mno waliovushwa bahari ya Atlantiki utumwani, na wazawa wao ndio wengi wa wakazi wake hadi leo. Kusini mwa jimbo hulimwa kakao, pwani ni minazi, bara ni nchi kavu ya michikichi ya porini ivumiliayo ukame, na muhogo huota kila mahali. Unga wake huwekwa mezani kila siku, kwa tajiri na kwa maskini. Muhogo wenyewe asili yake ni Amerika ya Kusini. Wareno waliuleta kwenye pwani za Afrika katika karne ya 16, na kutoka huko ukaingia bara pole pole hata ukafika kwenye maziwa yetu makuu.

Mmea ulipovuka bahari, maadui wake wengi walibaki nyuma. Kwa takriban karne nne mwafrika alilima muhogo bila ya utitiri wa kijani, na muhogo ukajijengea sifa ya kuwa zao lisiloshindwa: hustahimili udongo uliochoka, huvumilia ukame, na mizizi yake husubiri ardhini mpaka njaa ibishe hodi. Sehemu ya sifa hiyo ilikuwa ya haki. Sehemu nyingine ilitokana na bahati ya kuachana na maadui, na bahati hiyo haikuwa ya kudumu.

Huko Bahia maadui hao walikuwapo wote, na Bondar aliwaandika mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1923 alichapisha kitabu juu ya nzi weupe wa Brazil, ambamo aliwaeleza kwa mara ya kwanza wengi ambao sayansi ilikuwa haijawahi kuwapa jina. Mmoja wao, Aleurotrachelus socialis, hushambulia muhogo na leo ni tatizo kubwa kwa wakulima wa Colombia. Aliwaeleza fukusi wengi pia, hasa wale wa michikichi na minazi. Mwaka 1938 kilitoka kitabu chake juu ya kilimo cha kakao cha Bahia, kilichochapishwa na taasisi ya kakao ya jimbo hilo. Kutoka kwa wadudu wa michikichi akavutwa na michikichi yenyewe, akawa mtaalamu wa mimea vilevile: upo mchikichi mfupi wa nyika za Bahia ambao wanabotania huuita Syagrus vagans, na aliyeutolea maelezo ya kwanza ni yeye.

Mtaalamu wa leo huenda akaziona shughuli hizi kuwa nyingi mno kwa mtu mmoja, na kwa kiasi fulani atakuwa na haki. Siku hizi mtu humaliza umri wake wote katika kundi moja la viumbe. Bondar alikuwa wa kizazi kingine, cha wataalamu wachache mbele ya nchi kubwa, ambapo jani lililougua likiletwa mezani hakukuwa na mwenzake wa kumpelekea. Alilitazama mwenyewe.

Kurasa za mwaka 1938

Mjini Rio de Janeiro kulikuwa na jarida la elimu ya wadudu, Revista de Entomologia, lililoanzishwa mwaka 1931 na kuongozwa na padri Mfransisko, Thomas Borgmeier, ambaye yeye mwenyewe alikuwa bingwa wa sisimizi. Humo Bondar alikuwa akichapisha mfululizo wa maandishi mafupi juu ya wadudu wa Bahia. Katika sehemu ya tatu ya mfululizo huo, mwaka 1938, aliandika juu ya utitiri alioukuta kwenye majani ya muhogo, na kuutangaza kuwa spishi mpya. Aliuita Tetranychus tanajoa.

Kutangaza spishi mpya si sawa na kuona kiumbe kwa mara ya kwanza. Wakulima wa Bahia walikuwa wakiiona mihogo yao ikiharibika kabla ya Bondar kuzaliwa. Kazi ya mtaalamu ni nyingine: hukiweka kiumbe kati ya vipande viwili vya kioo chini ya hadubini, akahesabu vinyweleo vya mgongoni na kuvipima urefu, akachunguza makucha ya miguuni na kiungo cha uzazi cha dume, kwa kuwa titiri nyingi hazitofautiki kwa jambo jingine lolote. Halafu hulinganisha na kila kilichokwisha kuandikwa na wengine. Akijiridhisha kwamba hakuna aliyemtangulia, huandika sifa hizo, hutaja mmea na mahali, huchagua jina, na kulichapisha hadharani ili yeyote, popote, aweze kumsahihisha. Kuanzia hapo kiumbe kina anwani. Atakayekutana nacho kesho, hata akiwa bara jingine, ataweza kuuliza kama ni kile kile.

Katika kuchagua jina, mwandishi ana uhuru mkubwa. Wapo waliowatukuza wafadhili wao, wapo waliotumia Kigiriki kilichofichika. Bondar alichukua tanajoa, neno ambalo wakulima wa Bahia hulitumia kwa balaa hilo la mihogo mpaka leo, akaliingiza kama lilivyo katika jina la Kilatini. Kwa mfasiri, uamuzi huo una ladha yake. Jina lililotoka kinywani mwa mlima muhogo sasa hutamkwa katika maabara za Ibadan, Cali na Amsterdam, na hakuna aliyelitafsiri.

Bondar alifariki mwaka 1959 huko huko Brazil, akiwa na umri wa karibu miaka 78. Kitabu chake kikubwa juu ya michikichi ya Brazil kilitoka mjini São Paulo mwaka 1964, mwenyewe akiwa kaburini. Kufikia wakati huo utitiri wa muhogo haukuwa sehemu kubwa ya sifa zake. Ulikuwa mstari mmoja katika orodha ndefu.

Kampala, 1971

Mwaka 1971, karibu na mji wa Kampala, mihogo ilionekana ikipukutika kwa namna isiyojulikana Afrika. Mtafiti wa Uganda, Z. M. Nyiira, aliyekuwa katika kituo cha utafiti cha Kawanda, ni miongoni mwa waliolichunguza tatizo hilo mwanzoni kabisa, na ripoti yake ya mwaka 1972 ilikuwa tayari na jina la Bondar ndani yake. Wataalamu walilinganisha walichokiona na kilichoandikwa, wakakuta kwamba kiumbe hicho kilikuwa na anwani, na anwani yenyewe iko upande wa pili wa bahari. Dhana iliyokubalika ni kwamba kiliingia kwa vipando vya muhogo vilivyoletwa kutoka Amerika ya Kusini.

Kujua jina hakukuuzuia. Utitiri huu hauna mabawa, lakini mwepesi wake huufanya upeperushwe na upepo, na mkulima mwenyewe huusafirisha anapombebea ndugu yake vipando. Kizazi kimoja hukamilika kwa muda wa wiki mbili hivi kukiwa na joto, na joto kavu ndilo linaloupendeza. Mvua kubwa huusomba. Kwa hiyo bonde la Imbo, lenye joto kuliko sehemu nyingine zote za Burundi na lenye kiangazi cha miezi kadhaa, lilikuwa makazi mazuri kwake. Katika muongo huo wa 1970 ulikwisha enea katika nchi za Afrika Mashariki, Burundi ikiwamo, na ilipofika mwaka 1985 au karibu na hapo ulikuwa umelitandaa karibu eneo lote la Afrika linalolima muhogo, toka bahari hadi bahari. Makadirio ya hasara ya mizizi yalitajwa kati ya asilimia 30 na 80, kutegemea aina ya muhogo na urefu wa kiangazi. Hasara ya majani haikuhesabiwa sana katika ripoti hizo, jambo ambalo mpishi yeyote wa sombe angelishangaa.

Dawa za kunyunyizia hazikuwa jibu. Mlima muhogo ni mtu asiye na fedha za dawa, na majani anayoyanyunyizia ndiyo atakayoyala. Taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto, IITA, yenye makao yake Ibadan nchini Nigeria, ikashika njia nyingine: kumtafuta adui wa adui huko alikotoka.

Walianzia Colombia. Kati ya mwaka 1984 na 1988, mamilioni ya titiri zilazo titiri wenzao, zikiwa za spishi kadhaa, zilipitishwa karantini Amsterdam na kuachiliwa katika nchi mbalimbali za Afrika. Hakuna hata spishi moja iliyodumu. Ndipo macho yakageukia kaskazini mashariki mwa Brazil, nchi yenye kiangazi kikali kama chetu. Kituo cha taifa cha Brazil cha utafiti wa muhogo kiko Cruz das Almas, ndani ya jimbo la Bahia. Yaani waliokuwa wakitafuta mwokozi wa muhogo wa Afrika walijikuta katika nchi ile ile ambamo Bondar aliugeuza jani. Kutoka kaskazini mashariki hiyo ilipatikana spishi iitwayo Typhlodromalus aripo, na mwaka 1993 iliachiliwa katika mashamba ya Benin.

Hii ilidumu. Mchana hujificha ndani ya kichipukizi cha muhogo, usiku hushuka kwenye majani machanga kuwinda. Utitiri wa kijani ukipungua, haifi njaa, kwa sababu yaweza kuishi kwa chavua ya mahindi inayodondokea majani ya muhogo. Ilisambaa yenyewe kutoka shamba hadi shamba, na katika majaribio ya Afrika Magharibi mavuno ya mizizi yaliongezeka kwa takriban theluthi moja mahali ilipokita. Mkulima hakulipishwa kitu. Tangu Kampala hadi hapo ilikuwa imepita miaka 22, na katika miaka hiyo kaya nyingi zilichimba mizizi membamba kuliko ilivyopaswa. Hilo nalo lisisahauliwe tunapoisifu sayansi.

Kwa msomaji mwenye shamba, yako mambo mawili matatu ya kufaidi kutokana na habari hizi. Muhogo uliopandwa mwanzoni mwa mvua hukikuta kiangazi ukiwa umekwisha shika nguvu. Vipando visichukuliwe kwenye shina lenye dalili. Na aina za muhogo zenye vinyweleo kwenye kichipukizi humhifadhi mwindaji huyo vizuri zaidi kuliko zile zenye kichipukizi laini, kwa hiyo ncha yafaa iguswe kwa kidole kabla ya kuchagua.

Jina halikuachwa kwa amani

Yaliyoandikwa na Bondar hayakupokewa kama msahafu. Mwaka 1981 mtaalamu wa Venezuela aitwaye Doreste alieleza spishi nyingine iliyofanana nayo mno, Mononychellus progresivus, akiitofautisha kwa urefu wa vinyweleo vya mgongoni. Kwa miaka kadhaa baadhi ya maabara ziliuita utitiri wa Afrika kwa jina hilo la pili. Shaka haikuwa ya kipuuzi: ukikosea spishi, waweza kukosea na mwindaji wake. Vinyweleo vilipopimwa kwa wingi zaidi vilionekana kutofautiana ndani ya spishi moja, na jina la Bondar, lililotangulia, ndilo linalotumika zaidi leo. Uchunguzi wa DNA uliochapishwa mwaka 1994 ulileta ajabu nyingine, kwani uliukuta utitiri wa Afrika kuwa karibu zaidi na ule wa Colombia kuliko wa Brazil. Huenda basi mharibifu alitoka nchi moja na mwindaji wake akatoka nchi nyingine, huku jina la tanajoa likiwaunganisha.

Jenasi nayo ilibadilika, yaani ule ukoo ambamo spishi huwekwa. Bondar aliuweka utitiri wake katika Tetranychus, ukoo mpana uliokuwa ukipokea titiri nyingi za mimea wakati huo. Baadaye wataalamu waliugawa, na spishi hii ikaangukia jenasi ambayo Wainstein, mtaalamu wa Kisovieti, alikuwa ameiita Mononychus. Ikagunduliwa kwamba jina hilo lilikwisha kuchukuliwa na jenasi ya fukusi, kundi ambalo Bondar alilishughulikia kwa miaka mingi. Mwaka 1971, mwaka ule ule wa Kampala, Wainstein alilibadilisha likawa Mononychellus. Ndiyo maana jina la Bondar huandikwa ndani ya mabano: kwa kanuni ya wataalamu wa wanyama, mabano hayo humwambia msomaji kwamba mtu huyu ndiye aliyekieleza kiumbe kwanza, ila alikiweka katika ukoo mwingine.